Uzi: KAUFEN (kununua). Mjerumani alilitoa wapi neno hili, na kwa nini "er käuft" ni kosa

Mchuuzi wa Maneno (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki iliyopita kwenye kundi letu la kujifunza Kijerumani dogo mmoja aliandika "Er käuft Brot", akikusudia "ananunua mkate". Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika "kauft", basi. Dogo akauliza: mbona laufen (kukimbia) inakuwa "er läuft", na maneno yenyewe yamefanana kama pacha, yametofautiana herufi moja tu? Akajibiwa "kariri". Mimi jibu la "kariri" huwa linaninyima usingizi, kwa hiyo nimechimba. Nilichokikuta kimenirudisha hadi kwenye Kiswahili changu mwenyewe, ndiyo maana nakileta hapa na siyo kule kundini.

Kwanza tukione kitenzi kinavyokaa, ili hata ambaye hajawahi kugusa Kijerumani twende naye.

Wakati uliopo:
ich kaufe – ninanunua
du kaufst – unanunua
er / sie / es kauft – ananunua
wir kaufen – tunanunua
ihr kauft – mnanunua
sie kaufen – wananunua

Sisi nafsi tunaitanguliza mbele ya shina. Wao wanaibandika nyuma, na bado wanaitaja tena mbele kwa ich na du, kama mtu anayefunga mlango halafu anaegemeza na kiti.

Wakati uliopita: ich kaufte, du kauftest, er kaufte, wir kauften, ihr kauftet, sie kauften. Ile "te" ndiyo "li" yao. Halafu kuna ich habe gekauft, nimenunua: shina limevalishwa ge- mbele na -t nyuma. Kwenye maongezi hii ndiyo utakayoisikia sana, hata kwa jambo la mwaka juzi. Kaufte inaishi zaidi kwenye maandishi. Kuamuru ni kauf! kwa mmoja, kauft! kwa wengi, kaufen Sie! kwa mtu unayemheshimu.

Imeisha hiyo. Shina kauf halijatikisika hata mara moja, na kitenzi cha namna hii wao wanakiita dhaifu. Aliyeyapa majina haya umaarufu ni Jacob Grimm, yule yule wa ngano za ndugu Grimm, katika sarufi yake iliyoanza kutoka 1819. Kwa macho yake kitenzi imara ni kile kinachojigeuza chenyewe kuanzia tumboni: singen, sang, gesungen (kuimba). Dhaifu ni kile kisichoweza kwenda jana bila kubebwa na kiambishi. Kwa mwanafunzi mambo ni kinyume kabisa: hao dhaifu ndio wasiotusumbua, imara ndio wanaotutoa jasho.

Nitaendelea na asili ya neno na habari ya ile ä baada ya chakula.

Fundi Bati

Nimeshaweka kiti. Ila mkuu, Jumapili watu wanasubiri mkeka wa kubeti utiki, wewe unatuletea kaufen?

Binti Korogwe

Kaka asante sana, umenikuta pabaya, mwezi ujao nina mtihani wa B1, ngazi ya kati ya Kijerumani. Naomba kuuliza: nikisema "geverkauft" mwalimu anakataa, anataka "verkauft" tupu. Nikisema "geeinkauft" anakataa pia, anataka "eingekauft". Sasa hiyo ge- inakaa wapi?

Mchuuzi wa Maneno

Binti Korogwe, sikiliza sauti, usiangalie maandishi. Verkaufen (kuuza) mkazo uko kwenye kauf, ile ver- inatamkwa kinyonge. Viambishi vinyonge namna hiyo, ver-, be-, er-, ent-, zer-, vimegandana na shina na havipokei ge-. Kwa hiyo: ich verkaufe, ich verkaufte, ich habe verkauft.

Einkaufen (kwenda kununua mahitaji ya nyumbani) mkazo uko kwenye ein. Hiyo haijagandana, imeegeshwa tu. Kwenye sentensi inachomoka inakwenda kukaa mwisho: ich kaufe heute ein (leo nanunua mahitaji). Na kwa kuwa kuna upenyo kati yake na shina, ge- inaingia hapo hapo: eingekauft. Hata zu, iliyo kama ku- yetu, inaingia mle mle: einzukaufen.

Halafu angalia uchumi wa jambo hili. Mjerumani hana neno jingine la kawaida la kuuza. Amelichukua la kununua akalibandika ver-. Sisi nunua na uza hazijuani kabisa.

Mchuuzi wa Maneno

Nimeshiba, tuendelee. Asili.

Warumi walikuwa na neno caupo. Caupo alikuwa mwenye kilabu: anauza divai, anauza chakula, pengine na kijichumba cha msafiri kulala. Mchanganye mama lishe, mwenye baa na mchuuzi, umempata. Heshima hakuwa nayo. Mshairi wa Kirumi Horace anamtaja kama laghai, na shutuma iliyomwandama ilikuwa kuchakachua divai kwa maji. Mshairi mwenzake Martial ana kishairi cha mistari miwili kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Katika mji wa Ravenna, Italia, maji safi yalikuwa shida, kwa hiyo mshairi analalamika kwamba mwenye kilabu wa huko kamfanyia ujanja: kaomba divai iliyochanganywa, kauziwa divai tupu!

Sasa mpaka wa dola ya Rumi ulipita Mto Rhine na Mto Danube, na ng'ambo walikaa mababu wa Wajerumani. Julius Caesar anaandika kwamba kabila la Wasuebi lilipiga marufuku divai kuingizwa kwao, wakiamini inalegeza wanaume. Kama miaka 150 hivi baadaye, mwaka 98, mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaandika kwamba wanaokaa karibu na mto divai wanainunua. Marufuku ilishindwa, kama marufuku za pombe zinavyoshindwaga. Muuza divai akavuka, na jina lake likavuka naye.

Upande wa pili likageuka kitenzi. Askofu Wulfila alipotafsiri Biblia kwa Kigothi, lugha ya kale ya ukoo wa Kijerumani, karne ya 4, kwenye Luka 19:13 yule bwana anayewagawia watumwa wake fedha kabla ya kusafiri anawaambia "kaupoþ", na maana yake si "nunueni" bali "fanyeni biashara". Yaani mwanzoni neno lilikuwa kuchuuza, kununua na kuuza vyote humo humo. Kubaki na kununua peke yake ni jambo la baadaye, ndipo ver- ikahitajika kuubeba upande wa pili.

Katika Kijerumani cha kale likawa koufōn. P imekuwa f, maana Kijerumani cha kusini kilipitiwa na wimbi la p kugeuka f au pf, na wimbi hilo halikufika kaskazini. Ndiyo sababu Mholanzi mpaka leo anasema kopen na Mswidi köpa. København, mji mkuu wa Denmark, maana yake ni bandari ya wafanyabiashara. Mtaa wa Cheapside kule London ulikuwa soko, na neno la Kiingereza la "rahisi" limetoka kwenye tumbo hilo hilo. Wafini duka wanaliita kauppa. Warusi na Wapolandi walilichukua kwa jirani zao wa ukoo wa Kijerumani: kupit, kupić. Na kama umewahi kukutana na Kaufmann, Koopman au Chapman, hao wote ni akina Mchuuzi, ukoo wangu wa humu jukwaani.

Kinachoshangaza ni kwamba watoto wa kuzaliwa wa Kilatini hawakulirithi kwa kazi hii. Mwitaliano ana comprare, Mhispania comprar, Mfaransa acheter. Mali ya baba imebaki kwa majirani.

KakaMkubwa254

Boss hii ni moto. Lakini umeruka ile käuft, na mimi ndiyo nilikuwa nangoja.

Mchuuzi wa Maneno

KakaMkubwa254, ndiyo nilikuwa naipasha.

Zamani "anakimbia" haikuwa läuft, ilikuwa loufit. Itazame ile i mwishoni. I ni irabu ya mbele ya mdomo, na ulimi wa Mjerumani ulikuwa unajiandaa mapema: kabla hajafika kwenye i, irabu iliyoitangulia ilishaanza kusogea mbele kuifuata. Karne zikapita, i ikafifia ikadondoka, lakini kule kusogea kukabaki. Zile nukta mbili juu ya ä ni alama ya miguu ya i aliyeondoka.

Sasa "ananunua" ilikuwa koufōt. Hakuna i! Kuna ō ndefu, irabu ya nyuma, na yenyewe haivuti mtu kwenda mbele. Kwa hiyo kauf ikabaki kauf. Dogo wetu aliona pacha, kumbe ni watu wa familia mbili waliofanana sura baada ya viambishi vyao vya zamani kuchakaa. Laufen ni mwenyeji, kitenzi imara: läuft, lief, gelaufen. Kaufen ni mgeni aliyepangiwa kundi la vitenzi vya ōn. Ukitaka kuthibitisha tazama mnunuzi: zamani koufāri, leo Käufer. Pale i ilikuwepo, na nukta zimetokea.

Msidhani haya ni ya Ulaya tu. Sisi tunasema pigia lakini somea. Hakuna Mswahili anayesema "somia", na hakuna aliyekaririshwa. Kwetu irabu ya shina ndiyo inayoiamuru ya kiambishi. Kwao kiambishi ndicho kilichoiamuru ya shina.

Jingine ni hiyo "te" ya kaufte. Wataalamu wengi wanaona ni kitenzi tun (kufanya) kilichomezwa. Kwenye Kigothi bado mkia wake unaonekana: nasida, niliokoa, lakini wingi ni nasidedum, tuliokoa, na ile dedum inafanana mno na "tulifanya" ya Kijerumani cha kale, tātum. Kwa hiyo "ich kaufte" ukiikwangua rangi chini yake unakuta kitu kama "nunua-nilifanya". Kitenzi kimoja kimembeba mwenzake mgongoni mpaka wakaota ngozi moja.

Babu Mtaala

Wanangu, nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, sasa niko shambani, lakini uzi huu umenifanya nivae miwani.

Mchuuzi, kitenzi kumezwa na kuwa kiambishi usikitafute kwa Wagothi. Umekisema mwenyewe asubuhi. Ulipowaambia watu "nitaendelea", hiyo -ta- ni taka: nataka kuendelea, nitaendelea. Na -me- ya "nimenunua" ni kitenzi cha zamani cha kumaliza, -mala, ambacho ndugu zetu wengi wa Kibantu bado wanacho. Ni mchezo ule ule wa "te" yao, isipokuwa sisi tumeupachika katikati na wao mwishoni.

La pili ni zito zaidi. Umesema kaufen ni mgeni aliyepangiwa kundi lake. Sisi nasi tunawapangia wageni. Chukua kitenzi cha Kibantu, nunua. Nikikanusha: hanunui. Nikitaka: anunue. Ile a ya mwisho inabadilika kila ninapoigusa. Chukua sasa kitenzi kilichotoka Uarabuni, safiri: hasafiri, asafiri. Jibu: hajibu, ajibu. Sahau, samehe, hivyo hivyo. Mkia haukunjiki. Mtoto wa darasa la tatu hajui Kiarabu wala Kibantu ni nini, lakini ukimpa kitenzi hatakosea kumtenga mgeni na mwenyeji.

Na mgeni akishazaa nyumbani, watoto wake ni wenyeji. Safiri haikunjiki, lakini safirisha inakunjika: hasafirishi, asafirishe. Hilo nilikuwa naliuliza kwenye mtihani kila mwaka, na kila mwaka walikuwa wananichukia.

Mchuuzi wa Maneno

Shikamoo Babu. Hapo kwa "nitaendelea" umenikamata mchana kweupe. Na hili la safiri ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo bila kulipata: sarufi inakumbuka nani alikuja na nani alizaliwa hapa, hata pale wazungumzaji wameshasahau. Mjerumani wa leo haoni kaufen kama neno la kigeni hata kidogo, ana miaka isiyopungua 1,500 nalo, lakini uambishaji wake unalitaja kwao kila siku. Mgeni anaingia mlango wa dhaifu. Ndivyo inavyokuwa hata leo: googeln ilipoingia hakuna aliyeuliza, moja kwa moja googelte, gegoogelt.

Dada wa Leipzig

Wapendwa, niko huku tangu miaka ya tisini, naomba nitie chumvi kidogo.

Mchuuzi, "mgeni anaingia mlango wa dhaifu" ni kweli kwa wengi, siyo kwa wote. Schreiben, kuandika, ni Kilatini scribere mtupu, nao walijifunza kwa Warumi hao hao. Lakini leo ni schrieb, geschrieben, imara kabisa. Kilifika kikiwa na umbo kama la bleiben (kubaki), wenyeji wakakiingiza kwenye ukoo huo. Preisen, kusifu, kilitoka Ufaransa, kikaanza dhaifu, halafu kikapandishwa cheo: pries, gepriesen.

Na kuna wenyeji wanaoshuka. Backen, kuoka, zamani ilikuwa buk. Mkimsikia mtu anasema buk leo ni mzee sana au anatania, wengine wote wanasema backte. Imara hawafiki hata mia mbili, ila ndio wanaotumika kila dakika, ndiyo maana hawajafa.

Binti Korogwe, nawe nikuongezee ya mtaani, maana B1 haitakufundisha. "Das kaufe ich dir nicht ab" kwa herufi ni "hilo silinunui kwako", maana yake sikuamini, hapo umenidanganya. "In Kauf nehmen" ni kukubali ubaya wa kitu kwa sababu unautaka uzuri wake: ukihamia nyumba ya bei nafuu, unakubali kelele za treni. Na refa akiwaumiza Jumamosi utasikia "der ist gekauft". Hapo sikuhitaji mkalimani hata siku ya kwanza, kwetu pia refa ananunuliwa.

Mchuuzi wa Maneno

Dada wa Leipzig, schreiben imenipiga kofi. Nimekubali, narekebisha: wengi wanaingia mlango wa dhaifu, wachache wanapata ndugu ndani ya nyumba wanapitishwa uani.

Kwetu pia tunanunua vingi visivyouzwa. Tunanunua ugomvi, tunanunua kesi.

KakaMkubwa254

Sasa nina swali la upande. Huku Nairobi tunasema pesa, doo, chapaa. Hela naisikia sana kwa jirani zetu wa Bongo. Kuna mtu aliniambia hela ni ya Mjerumani. Ni ukweli ama ni story za kijiweni?

Mchuuzi wa Maneno

Ni kweli. Hela ni Heller, sarafu ndogo ya Mjerumani alipotawala Tanganyika. Na Heller yenyewe jina lake ni la mji, Hall, ule wa Schwäbisch Hall kusini mwa Ujerumani, ulikoanza kupigwa.

Uzuri ni huu. Mwanzoni rupia moja ya hapa Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa pesa 64. Pesa ni neno la Kihindi lililokuja na biashara ya bahari, na kampuni ya Wajerumani ilipiga pesa za shaba kuanzia 1890 zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa: rupia moja sasa ni heller 100. Kwa hiyo mtu aliyeishi Bagamoyo au Tanga miaka ile alizishika zote mbili. Serikali iliifuta pesa, watu hawakuifuta. Heller nayo ikakoma baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na neno likabaki. Leo Mtanzania anasema "sina hela" na "sina pesa" ndani ya sentensi moja, na zote mbili ni za kweli.

Shule nayo ni Schule yao, ambayo na wao walipewa na Warumi. Ila kaufen haikupata nafasi huku. Walikuta watu wanauza na kununua tangu zamani, na maneno yao wanayo.

Babu Mtaala

Na duka tulishalipata kwa Waarabu kabla Wajerumani hawajashusha nanga.

Binti Korogwe

Nimejaribu kutunga, naombeni mnisahihishe, msinicheke:

1. Gestern habe ich auf dem Markt Tomaten gekauft. (Jana nilinunua nyanya sokoni.)
2. Mein Onkel verkaufte sein altes Fahrrad. (Mjomba wangu aliuza baiskeli yake kuukuu.)
3. Wenn ich Geld hätte, kaufte ich ein Haus.

Dada wa Leipzig

Ya 1 na ya 2 safi kabisa, hongera mdogo wangu. Ya 3 kisarufi ni sahihi, hiyo kaufte ni ile ya "ningenunua". Tatizo ni kwamba imefanana sura na "nilinunua", mtu hajui unaota au unasimulia. Ndiyo maana wenyewe wanasema: Wenn ich Geld hätte, würde ich ein Haus kaufen. Ningekuwa na hela ningenunua nyumba. Sisi -nge- yetu haichanganyiki na kitu, shukuru.

Fundi Bati

Na mimi nimejifunza, nisahihisheni: Ich habe mkeka gekauft. Umechanika dakika ya 89.

Dada wa Leipzig

Einen Wettschein. Der Wettschein, kwa hiyo einen.

Fundi Bati

Ich habe einen Wettschein gekauft. Na nyingine nimeitunga mwenyewe bila msaada: refa ist gekauft.